Samaki Aliyekufa Njiani

Ijumaa, 4 Julai 2025

Mume wangu, Tata Kalonji, amechoka kusikia habari za samaki wakati wa kula. Alifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika maabara ya mgodi, na huko, anasema, kisichoandikwa hakikutokea. Basi leo ameniletea daftari la shule akaniambia niandike, halafu tule kwa amani. Nimeandika. Tutaona kama hiyo amani itakuja.

Wamefika samaki thelathini: tilapia ishirini na kambale kumi, wote wazima. Baridi ilikuwa kali hata maji ya bidoni, yale madumu ya kusafirishia samaki, yaliniuma vidole. Saa nne beseni lilikuwa tupu.

Ijumaa, 11 Julai

Thelathini, wote wazima.

Jumapili, 13 Julai

Tata Kalonji amesoma daftari langu bila ruhusa, akasema mtu mwingine akilisoma hataelewa kitu. Mtu gani huyo mwingine, sijui. Lakini niiandike kazi yenyewe, nisije nikalaumiwa.

Hapa Kolwezi mtu hanunui samaki aliyelala. Miaka miwili iliyopita samaki walielea kwa wingi katika kijito kinachopita nyuma ya mtaa wa migodi wa Musonoi, matumbo juu. Nani alifungulia maji gani, hatukuambiwa. Watu waliwaokota, wakawauza, na nyumba nyingi zikaumwa tumbo. Tangu hapo mama wa Kolwezi anataka samaki anayeogelea. Anatumbukiza kidole ndani ya beseni, anamgusa mgongoni, na samaki akiruka akamlowesha, huyo ndiye wake, hana ruhusa ya kumwacha. Katika soko letu la Manika tunasema aliyekulowesha amekuchagua. Tunacheka sana, hasa akilowa mtu aliyevaa kitenge kipya.

Mimi ndiye niliyeanza kuwaleta wazima kutoka ziwa la Nzilo, na mimi ndiye niliyeweka sheria. Tata Mukalay, mvuvi wetu, akishawavua huwalaza usiku mmoja ndani ya kizimba cha wavu bila chakula, ili wasafiri na tumbo tupu. Samaki aliyeshiba huchafua maji ya bidoni na kuwaua wenzake. Maji ya safari ni ya ziwa lilelile, hayaongezwi hata tone njiani. Bidoni zinafunikwa gunia bichi, na safari inaanza kabla jua halijatoka. Sheria ya mwisho ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa kuwa ni fupi: aliyekufa njiani usinioneshe. Huyo ni wa dereva, akamle kwake. Hivyo hakuna atakayesema Mama Mushiya ameuza mzoga.

"Samaki anayeruka hana sumu." Maneno hayo niliyatoa mimi, na sasa soko zima linayasema. Hata mama muuza makaa ameanza kuyasema, yeye asiyeuza hata dagaa.

Ijumaa, 18 Julai

Thelathini. Baridi. Hakuna la kuandika.

Ijumaa, 25 Julai

Nimemwandika Tata Mukalay, nikamsahau Symphorien, na yeye ndiye dereva. Ni mdogo wa mume wangu. Alichimba kwenye mashimo ya madini miaka kumi na mmoja, mpaka mwaka jana walipofukuzwa na pale mahali pakazungushiwa ukuta. Akaja kukaa kwetu miezi minne, juu ya kiti changu cha jikoni, akiangalia mikono yake. Nilipochoka kumruka kila ninapotaka sufuria, nikampa pikipiki na bidoni. Anaendesha polepole kama mtu aliyebeba maiti. Nimemwambia hivyo leo. Akacheka kidogo, akaenda kuosha bidoni.

Ijumaa, 1 Agosti

Ishirini na wanane. Tilapia wawili hawakufika. Nimeuliza, akasema njiani. Sikuuliza zaidi. Sheria ni sheria.

Ijumaa, 8 Agosti

Leo joto limeanza, na mimi pia nimewaka.

Kati ya tilapia ishirini wamefika kumi na mmoja. Symphorien anasema malori ya madini yalipanga mstari kwenye kizuizi, hata pikipiki haikupata pa kupenya, na jua likawapata pale. Mama Adèle alikuwa amesimama mbele ya meza na beseni lake. Mama Adèle tunasali naye parokia moja, na huja kila Ijumaa. Binti yake Annie ana mimba ya miezi sita na damu yake ni pungufu, muuguzi amemwambia ale samaki mara nyingi. Alifika nyuma ya wengine, akaondoka mikono mitupu. Iliniuma kumwona anaondoka hivyo.

Nikamgeukia Symphorien mbele ya wateja wote. Nilimwambia mashimo yamemharibu mikono, hajui kushika kitu chenye uhai. Nikamwambia Ijumaa ijayo akileta pungufu, akae nyumbani. Alikunja yale magunia mabichi vizuri, moja juu ya jingine, akaondoka.

Tata Kalonji ameniambia jioni kwamba neno likishatoka halirudi. Nimemwambia ndiyo, najua, ndiyo maana huwa nachagua maneno. Hilo si kweli, leo sikuchagua.

Ijumaa, 15 Agosti

Kupalizwa Bikira Maria. Hakuna safari.

Ijumaa, 22 Agosti

Thelathini! Tilapia kumi na mmoja, kambale kumi na tisa, na kambale hao wanaruka mpaka soko limelowa. Mama Adèle amepata wawili na amelowa mpaka kiunoni, nikamwambia hao wanampenda Annie kuliko wewe.

Naona Tata Mukalay ameelewa kwamba tilapia hawastahimili joto, akatuongezea kambale. Nimemwambia Symphorien ampelekee shukrani zangu. Akasema atamwambia.

Ijumaa, 29 Agosti

Thelathini. Vumbi limefunika hata majani ya miparachichi. Mama Naomie, anayeuza kwenye meza ya jirani, amepoteza nusu ya samaki wake, akaja kuniuliza siri yangu. Nikamwambia sheria.

Ijumaa, 5 Septemba

Thelathini: tilapia wanane, kambale ishirini na wawili.

Ijumaa, 12 Septemba

Leo niandike kwa urefu, kwa sababu nina haki ya kujisifu.

Barabara ilifungwa tangu alfajiri. Lori moja lilipinduka na magunia yake yakamwagika njiani, mengine yakasimama nyuma yake. Saa nne hakuna Symphorien. Saa sita hakuna. Jua lilikuwa limekaa juu ya mabati. Mama Naomie alikuwa amekwishafunga meza yake, na wateja wangu wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Nilijisemea leo yamekwisha, hata mtume hawezi kuvusha samaki katika joto hili.

Saa tisa akatokea, mweupe kwa vumbi hata nyusi. Tukafungua bidoni. Thelathini. Wote wanaogelea! Tilapia walikuwa wanne tu, lakini kambale walikuwa wanapiga mikia kama wametoka ziwani sasa hivi. Niliwaambia wamama wote wampigie makofi, wakampigia. Nikasema mbele yao kwamba niliyoyasema mwezi uliopita nimeyafuta, kwamba huyu ana mkono wa baraka. Symphorien alikuwa anaangalia viatu vyake. Kumbe ana haya, yule mtu. Nilikuwa simjui.

Usiku nimempikia bukari, ule ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo yenye karanga. Alikula kidogo sana.

Ijumaa, 19 Septemba

Thelathini. Kambale ishirini na watano. Tata Mukalay anawatoa wapi kambale wote hawa?

Ijumaa, 26 Septemba

Thelathini. Mama Adèle anasema Annie ameanza kupata rangi mashavuni. Ameniombea baraka mbele ya watu.

Ijumaa, 3 Oktoba

Nimekaa na daftari hili saa nzima kabla ya kuandika.

Leo Annie alikuja mwenyewe, tumbo likimtangulia, kwa sababu mama yake ana malaria. Kambale alimlowesha, akacheka vizuri. Lakini akasema hawezi kumwua kwa mkono wake, tangu mimba hii hawezi kuona damu, akaniomba nimtengenezee palepale. Huwa sifanyi hivyo. Wateja wangu huchukua samaki mzima na kwenda naye, hiyo ndiyo fahari yao. Nikampiga yule kambale kichwani mara moja, nikampasua.

Tumbo lilikuwa limejaa. Limejaa tope la kijivu, laini, linateleza kati ya vidole kama unga uliochujwa mara mbili.

Mwanzo nilishangaa tu. Kisha nikakumbuka kizimba cha Tata Mukalay. Samaki wake hulala na njaa. Miaka miwili nimewapasua nyumbani kwangu, matumbo yao ni matupu, safi. Samaki mwenye tumbo la hivi hakulala ndani ya kizimba kile.

Annie alikuwa amenyoosha mkono. Nikamwambia nyongo imepasuka, nyama itakuwa chungu, aende nyumbani, nitamtumia kitu kingine. Akanishukuru. Nimemdanganya mtoto wa watu usoni na amenishukuru.

Nilimfunga yule kambale ndani ya mfuko na kumpelekea Tata Kalonji. Alivaa miwani, akachukua tope kidogo, akalisugua kati ya kidole gumba na cha pili kwa muda mrefu. Akalinusa. Nikasubiri. Mume wangu huwa hasemi kabla hajamaliza.

"Hii budongo banaisaga," akasema. "Budongo ya Mungu haiwezi kuwa sawasawa hivi. Hii inapita mu kinu."

Alimaanisha mabaki ya madini, lile tope linalobaki mawe yakishasagwa na shaba kutolewa. Nilimwambia samaki wetu hulala na njaa ziwani. Akavua miwani.

"Basi hakulala kwa Mukalay."

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimesoma daftari tangu mwanzo. Tilapia wanapungua, kambale wanaongezeka, jumla ni thelathini daima. Nimeandika mwenyewe kwa mkono wangu, na sikuona.

Kambale anapumua hewa. Mtoto yeyote wa hapa anajua, unaweza kumtupa kwenye tope akaishi. Atakaa katika maji yanayoua wengine wote, na ukimgusa ataruka. Nami nimesimama sokoni miaka miwili nikisema anayeruka hana sumu.

Jumapili, 5 Oktoba

Kanisani Symphorien alipanga viti vya wanakwaya. Mama Adèle amepata nafuu, alinishika mikono yote miwili na kuuliza nyongo ilipasuka vipi. Nilimwambia kisu kiliteleza. Huo ni uongo wa pili.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimemuuliza Tata Kalonji kama nikinyamaza, nikamfukuza tu Symphorien na kuanza upya, ni nani atakayeumia. Hakunipa mahubiri, si kawaida yake. Aliniambia kwamba katika maabara, mtu akikosea kuandika namba, alikuwa haruhusiwi kuifuta wala kuchana ukurasa. Alikuwa anapiga mstari mmoja juu yake, mwembamba, ili kosa liendelee kusomeka.

Nimemjibu kwamba namba hazinunui samaki kwangu. Akaendelea kula.

Ijumaa, 10 Oktoba

Jana mchana nilimwambia Symphorien kwamba nitasafiri naye. Alisema pikipiki ni ndogo. Nikasema na mimi nitajikunja. Tukalala kambini kwa Tata Mukalay, na alfajiri nikaona kwa macho yangu samaki wakitoka kizimbani: tilapia ishirini, kambale kumi. Tata Mukalay ni mtu wa maneno machache. Nilimwuliza kama tangu Agosti ameongeza kambale. Akasema hapana, ni kumi, kama siku zote, na hakuna aliyemletea shukrani yoyote.

Tukaondoka. Nilikaa nyuma, bidoni moja kila upande wa miguu yangu, na nikajifunza barabara ambayo nimekuwa nikiitolea amri. Mpaka jua linatoka walikuwa wazima. Mashimo ya barabarani yanawapigisha pande za bidoni, lakini wazima. Kisha tukafika pale malori yanapopanga. Injini zinanguruma, vumbi, joto linatoka juu na chini. Symphorien alisimamisha pikipiki kwenye kivuli cha lori, akavua gunia, akaanza kuyachota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena kutoka juu, ili yapate hewa. Alifanya hivyo bidoni baada ya bidoni, bila kupumzika, karibu saa mbili. Nilimsaidia mpaka mkono ukafa ganzi. Tilapia walipanda juu wakifungua midomo. Mmoja akageuka tumbo. Symphorien alimtoa, akampiga kichwani na spana mara moja, asikae akitapatapa. Kisha wa pili, wa tatu.

Nikamwuliza hapohapo, tukiwa tumechuchumaa, kambale anawatoa wapi. Hakujifanya haelewi.

"Kule nyuma ya Musonoi, mu mashimo yenye maji," akasema. "Bale bandugu benye nilikuwa nachimba nabo, bo njo banakamata."

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, si kwa ukweli. Nilimwuliza kwa nini. Akaniangalia, si kwa hasira.

"Mama, wee njo ulisema, mwenye kufa njiani usinioneshe. Mi shikukuonesha."

Lori lilisogea, tukasogeza pikipiki, tukachuchumaa tena. Aliniambia siku ile ya Agosti niliyosema hajui kushika kitu chenye uhai, hakulala. Safari iliyofuata walikufa tisa, na pale njia inapokata kwenda Musonoi akageuza pikipiki. Mara ya kwanza alidhani ni mara moja. Nilipompigia makofi, akajua hawezi kurudi nyuma.

"Na ile samaki mi nilikula miaka kumi na moja," akasema. "Mi huyu. Shikufa."

"Wee ulichagua," nikamwambia. "Annie hakuchagua."

Alimwaga kikombe kingine cha maji, polepole.

"Mi pia shikuchagua, mama. Haikuwa chakula ingine."

Nilikuwa nimekuja na maneno ya kumfukuzia, yote yamepangwa tayari, nikayameza. Sheria yangu ilikuwa inataka samaki wazima. Haikutaka kujua chochote kuhusu wafu, na yeye aliitii kama ilivyo.

Tulifika sokoni saa nne na nusu, tilapia wanane na kambale tisa wakiwa hai, kumi na watatu wamekufa. Niliwatandaza wafu juu ya gunia, mezani kwangu, mbele ya watu. Mama Naomie alifikiri nimepata wazimu akaja kuwafunika. Nikamzuia. Mama Adèle alikuwa wa kwanza mstarini, kama kawaida.

"Bamama, munisikilize," nilisema. "Samaki kuruka haioneshe kama iko safi. Kambale inaishi hata mu maji ya mubaya. Nilibauzishia kambale ya nyuma ya Musonoi, na shikujua. Sasa najua, njo nabaambia."

Sikumtaja Symphorien. Lakini alikuwa amesimama pale na bidoni zake, akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia kwamba ni yeye aliyewaleta. Sikumwagiza.

Wengine walianza kusema wote pamoja. Mmoja aliniita mchawi. Mama Adèle hakupandisha sauti.

"Ba vendredi ngapi?"

Nikamwambia Ijumaa saba. Na nikamwambia kwamba nyongo haikupasuka, nilimdanganya Annie, na kanisani nikamdanganya yeye. Alihesabu, midomo ikitembea. Kisha akachukua beseni lake tupu, akaliweka kichwani, akaondoka. Nilimwangalia mpaka kitenge chake kikapotea kati ya meza za viatu. Nimelia. Si sokoni, nyumbani.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimeifuta sheria ya mwisho. Sasa ni hivi: aliyekufa njiani nioneshe, na uniambie amefia wapi. Bidoni zitabeba nusu ya samaki. Na tutatoka saa tisa za usiku, kabla malori hayajaamka. Hayo mawili yametoka kwa Symphorien. Alikuwa anayajua siku zote, ila sikuwahi kumwuliza.

Wafu nitawakausha kwa moshi, tule wenyewe.

Tata Kalonji amepima maji ya ziwa kwa zile karatasi zake za zamani zinazobadilika rangi. Anasema leo ni mazuri. Nikataka aniandikie hivyo kwenye kibao cha sokoni. Akakataa. Karatasi yake inaonesha uchachu tu, mengine haioni, na hata ziwani hatakula kiapo. Basi kibao nimekiacha. Nitasema ninachokijua: hawa wametoka kwa Tata Mukalay, wamelala na njaa, wamefika hivi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Kumi na watano waliondoka, kumi na mmoja wamefika wazima. Nimeuza wawili. Mmoja alinunuliwa na mgeni kutoka Kapanga, asiyejua habari yoyote. Nilimweleza yote, akasema kwao hata samaki mbichi hawafiki, nimpe tu.

Tisa waliobaki Symphorien aliwarudisha ziwani jioni. Nilimwambia akawaachie palepale walipotoka, si penye maji mengine.

Jumanne, 21 Oktoba

Joto. Sina usingizi. Ninahesabu Ijumaa saba na ninaona kila mara mkono wa Annie umenyooshwa.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mvua ya kwanza, wakati tuko sokoni. Watu wote walikimbilia chini ya mabati, vumbi likanuka, watoto wakacheza. Kumi na watano, wamekufa watatu. Nimeuza wanne. Mama mmoja ametumbukiza kidole kwa mazoea, kambale akaruka, na hakuna aliyecheka. Alinitazama mimi badala ya samaki.

Jumatano, 29 Oktoba

Annie amejifungua jana, msichana, kilo tatu kasoro kidogo. Nimepata habari kwa Mama Naomie, hakuna aliyetumwa kwangu. Mtoto analia vizuri na ananyonya. Nimefurahi kweli, nikapiga magoti. Kisha nikamwuliza Tata Kalonji kama hiyo inamaanisha kwamba hakuna kilichotokea. Akasema haimaanishi hivyo, wala haimaanishi kinyume chake. Hizo Ijumaa saba hakuna karatasi ya kuzipima.

Nimetuma sabuni na kanga. Sikutuma maneno.

Ijumaa, 31 Oktoba

Mvua ilinyesha usiku kucha na njia imekuwa utelezi. Pikipiki ilianguka mara mbili, bidoni moja ikapasuka. Symphorien amefika na matope mpaka masikioni, akatandaza wafu juu ya gunia kabla hata ya kunisalimu. Tisa. Walio hai ni sita tu. Alisimama wima, akisubiri niseme. Nikamwambia aende akanywe chai, ipo kwenye thermos.

Mama Adèle alikuja saa tatu. Alisimama mbele ya meza, hakugusa maji, hakumwangalia hata mmoja kati ya wale wanaoogelea.

"Leo banakufa bangapi?"

"Tisa," nikasema. "Bitano kwenye pikipiki ilianguka, bine mu bidoni ya kupasuka."

Akainama juu ya gunia, akawahesabu mwenyewe, mmoja mmoja, mpaka tisa. Kisha akashusha beseni lake kichwani, akaliweka mezani.